Kutoka Jani Hadi Kidonge

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo sikuja na orodha ya fanya hiki na usifanye kile. Nimekuja na historia. Nimeileta kwa sababu ya swali nililoulizwa na nyanya mmoja, swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu kwa maneno machache.

Ilikuwa msimu wa mvua, maji ya Tana yamepanda mpaka mashambani, na mbu wamezagaa kama kawaida yake. Nyanya huyo alifika akiwa amembeba mjukuu wake mgongoni, mtoto wa miaka miwili hivi. Mtoto alikuwa na homa siku ya nne. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na tulipompa maji kwa kijiko yalimtoka pembeni mwa mdomo. Nikauliza alikuwa amepewa dawa gani nyumbani. Nyanya akasema, majani ya mwarobaini, yamechemshwa, asubuhi na jioni, na pia alifukizwa kwa blanketi. Nilimpima damu, malaria ikaonekana mara moja. Nami, kwa wasiwasi, nikasema kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, "Nyanya, mbona mmekaa siku nne na majani?"

Akanitazama. "Mwanangu," akasema, "na hizo dawa zenu za hospitali zatoka wapi? Si miti hiyo hiyo?"

Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi nilikuwa natayarisha sindano, kwa hivyo sikujibu. Lakini jibu lenyewe ni ndiyo. Dawa tulizonazo za malaria, nyingi kati ya zile kubwa, ama zimetoka kwenye mmea ama zimetengenezwa kwa kuufuata mmea. Alilosema nyanya lilikuwa kweli. Kilichobaki ni kujua njia iliyopo kati ya jani na kidonge, kwa maana njia hiyo ni ndefu, na mtoto wake alikuwa amekwama katikati yake.

Tuanze mbali kidogo. Huko Amerika ya Kusini, katika milima ya Peru na nchi jirani zake, kuna mti uitwao sinkona. Gome lake ni chungu kama shubiri. Miaka ya 1600 mapadre Wajesuiti walilipeleka gome hilo Ulaya, ambako malaria wakati huo ilikuwa ikiua watu mpaka katika mji wa Roma. Watu walilisaga, wakalichanganya na divai, wakanywa. Wengine walipona kabisa. Wengine walikunywa hiyo hiyo na wakafa. Kwa nini? Kwa sababu gome la mti mmoja lilikuwa kali na la mti mwingine lilikuwa hafifu, na wafanyabiashara nao hawakukosa kuchanganya magome ya miti mingine. Nyinyi mnaokuna nazi mnalijua jambo hili. Waweza kununua nazi mbili sokoni Garsen, kwa nje zafanana, moja ikatoa tui zito na nyingine ikatoa maji matupu. Ukikosa tui, utakula mchuzi usio na ladha. Mtoto akikosa dawa ya kutosha, hali ni nyingine.

Mwaka 1820, mjini Paris, Wafaransa wawili waliitwa Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou walifanikiwa kukitoa kile kitu chungu chenyewe kutoka katika gome, kikiwa peke yake, bila gome. Wakakiita kwinini. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Tangu siku hiyo tabibu aliweza kuiweka dawa kwenye mizani na kusema, mtu wa uzito huu apewe kiasi hiki. Gome lilikuwa limewaonyesha watu njia kwa muda wa miaka karibu 200, lakini kipimo kilikuja mwaka huo.

Nisimame hapa kidogo niwape kisa cha pembeni, kwa sababu nakipenda. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 huko London, jina lake William Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini katika chupa, bila gome lolote. Alishindwa kabisa. Badala ya kwinini alipata uchafu mweusi, na alipousafisha ukatoa rangi ya zambarau nzuri ajabu. Kutokana na rangi hiyo kikaanza kiwanda cha rangi za kutengenezwa, na baadaye zikafuata nyingine nyingi, mpaka zile zinazotia rangi leso zetu. Basi ukijifunga leso yako yenye maua, kumbuka kwamba mtu fulani alikuwa akitafuta dawa ya malaria.

Mti wa sinkona ulifika pia Afrika Mashariki. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walifungua kituo cha utafiti wa mimea Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na sinkona ikapandwa huko. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga bahari na dawa haikuweza tena kuja kutoka Ulaya. Wajerumani wakatengeneza vidonge vya kwinini kwa magome ya hapo hapo. Baadaye walipoondolewa katika sehemu hizo na kuingia porini, askari walichemsha gome na kunywa maji yake, machungu kiasi kwamba waliyapachika jina la jenerali wao, Lettow. Huko mashariki ya Kongo, upande wa Bukavu, mashamba ya sinkona yalipandwa pia na kwinini ikatengenezwa kwa miaka mingi. Kwa hivyo dawa ya mti kwetu si jambo la hadithi za mbali.

Wanakemia walipolijua umbo la kwinini, walianza kutafuta kitu cha kufanana nayo lakini rahisi zaidi kutengeneza. Fundi cherehani hufanya vivyo hivyo. Hulitandika gauni kuukuu juu ya kitambaa kipya na kukata kwa kulifuata, huku akipunguza hapa na kuongeza pale. Mwaka 1934, katika kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, Hans Andersag alitengeneza dawa ambayo sehemu ya umbo lake ni ile ile iliyomo katika kwinini. Ndiyo iliyokuja kuitwa klorokwini.

Hiyo wengi wenu mnaikumbuka. Mama yangu alitupa sisi sote. Ilikuwa chungu, na baada yake mwili ulikuwasha mpaka ukatamani kujikuna kwa gunzi la mahindi. Lakini iliponya, na ilikuwa bei ya chini. Shida ni kwamba vimelea vya malaria navyo ni viumbe hai. Katika mamilioni yake hutokea vichache visivyodhurika na dawa, na hivyo ndivyo vinavyobaki na kuzaana. Mwaka 1978 malaria isiyosikia klorokwini ilionekana Kenya na Tanzania. Miaka iliyofuata ilienea mpaka akina mama wakawa wanatoa dawa kama walivyoagizwa, na mtoto bado anaungua. Mwaka 1998 Kenya iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria ikachukua SP, ile mliyoizoea kwa jina la Fansidar. Nayo haikukaa sana.

Ikawaje basi? Hapa inabidi twende China, na naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mhusika mkuu ni mama kama nyinyi.

Katika miaka ya 1960 kulikuwa na vita Vietnam, na malaria ilikuwa ikiwamaliza askari msituni, klorokwini haiwasaidii. Serikali ya Vietnam ya Kaskazini iliomba msaada China. Tarehe 23 Mei 1967 China ikaanzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, ukaitwa 523 kwa sababu ya tarehe hiyo. Mwaka 1969 akaletwa katika kazi hiyo mwanamke aitwaye Tu Youyou, mtaalamu wa madawa katika chuo cha tiba ya asili mjini Beijing. Alikuwa na miaka 38. Hakuwa na shahada kubwa kubwa, wala hakuwa amesoma nje ya nchi yake. Alikuwa na watoto wawili wa kike. Mumewe alikuwa amepelekwa mbali wakati ule, na kazi ilimtaka Tu asafiri mpaka kisiwa cha Hainan, kusini kabisa, kwenye malaria yenyewe. Yule mtoto mkubwa, wa miaka minne, alimwacha katika shule ya chekechea ya kulala huko huko, na mdogo akampeleka kwa babu na nyanya yake. Aliporudi, mtoto hakumtambua mama yake. Sisi tunaofanya kazi mbali na watoto wetu tunajua maana ya jambo hilo.

Tu na wenzake walifanya jambo ambalo ningependa watu wengi walisikie. Waliwaendea waganga wa kienyeji na kusoma vitabu vya kale, wakakusanya dawa zaidi ya 2,000 ambazo watu walikuwa wakizitumia. Hawakuwadharau wazee. Lakini pia hawakuamini kila kitu. Walichagua 640, kisha wakaanza kuzijaribu kwa panya wenye malaria, moja baada ya moja. Nyingi hazikufanya chochote. Mmoja wa mimea hiyo, uitwao qinghao, ulionyesha dalili nzuri mara ya kwanza, na ulipojaribiwa tena ukashindwa. Leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Je, hilo si ndilo tunaloliona kwa majani yetu?

Tu akarudi kwenye vitabu. Akakisoma tena kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, ambamo imeelezwa jinsi ya kutumia mmea huo kwa homa za kupanda na kushuka. Akagundua kwamba mzee huyo hakusema majani yachemshwe. Alisema yalowekwe katika maji, yakamuliwe, na juisi yake inywewe. Ndipo Tu akajiuliza: huenda moto ndio unaoiua dawa?

Sote, jambo la kwanza tukishachuma jani, ni kubandika sufuria.

Badala ya maji ya moto akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye joto la nyuzi 35 hivi, yaani chini ya joto la mwili wa mtu mzima asiye na homa. Akatumia majani tu na kuacha mashina, kwa sababu dawa imo majanini. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli yenye nambari 191 iliua vimelea vyote katika panya. Vyote. Na kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, mwezi Julai mwaka 1972 Tu na wenzake wawili waliinywa wao wenyewe hospitalini, wakiangaliwa na madaktari, waone kama itawadhuru. Mwezi uliofuata wakaipeleka Hainan kwa wagonjwa 21, na wakapona. Kile kilichomo ndani ya majani kilipotolewa peke yake kilikuja kuitwa artemisinini. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, akiwa na umri wa miaka 84.

Lakini hata artemisinini haikuwa tayari kwa mtoto wa Garsen. Haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta. Wanakemia wakaigeuza kidogo, wakapata artemetha, ambayo huyeyuka kwenye mafuta, na artesuneti, ambayo yaweza kudungwa kwa sindano. Tena dawa hizi huua vimelea haraka sana lakini hutoka mwilini baada ya saa chache, na vimelea vilivyobaki huamka. Kwa hivyo artemetha ikaunganishwa na lumefantrini, dawa nyingine iliyotengenezwa na wanasayansi wa China katika mradi ule ule, ambayo hukaa mwilini siku kadhaa. Moja hufyeka, nyingine hubaki ikipalilia. Majina hayo mawili ndiyo yaliyofupishwa kuwa AL. Kenya iliichagua AL mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kufika katika vituo vya afya.

Mwanzoni ilikuwa vidonge vichungu, na mlijua wenyewe kazi ya kumponda mtoto kidonge, akatema nusu. Ndipo kikatengenezwa kidonge kinachoyeyuka majini, chenye utamu wa tunda. Kilijaribiwa kwa watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Zanzibar, kikaonekana kuponya sawa na kile kichungu, na kuanzia mwaka 2009 kikaanza kutumika. Kwa watoto wachanga wenye uzito chini ya kilo 5, dawa yao maalumu ya aina hiyo ilikuja kuidhinishwa mwezi Julai 2025, huko Uswisi, na nchi nane za Afrika, Kenya ikiwamo, zilishiriki katika kuikagua. Ukihesabu tangu sampuli nambari 191 hadi kidonge cha mtoto mchanga, ni zaidi ya miaka 50.

Sasa niwarudishe karibu na nyumbani, Kilifi hapa jirani. Kwa miaka mingi mtoto aliyezidiwa na malaria, mwenye degedege au asiyeweza kunywa, alidungwa kwinini. Ilipokuja artesuneti, watu waliuliza ipi bora. Dawa mbili za mti, moja ya gome la Peru na nyingine ya majani ya China. Swali hilo halikuamuliwa kwa mabishano. Lilipelekwa kwa watoto wenyewe, 5,425, katika nchi tisa za Afrika, na Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo. Majibu yalitoka mwaka 2010. Katika kila watoto 100 waliopewa kwinini, karibu 11 walifariki. Waliopewa artesuneti, walifariki 8 au 9. Mtu atasema tofauti ni ndogo. Mwambie hivyo mama wa yule wa kumi na moja. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali, na ndiyo sindano niliyokuwa nikiitayarisha siku ile nyanya aliponiuliza swali lake.

Hata neti unayolalia ina historia ya ua. Pareto, lile ua jeupe la Nakuru, Kisii na Nyandarua, huua wadudu, na Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba jua huiharibu haraka. Mwaka 1973 huko Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake walilifuata umbo la dawa ya pareto wakatengeneza permethrini, ambayo hustahimili jua. Dawa za ukoo huo ndizo zilizotiwa kwenye neti. Na ni Kilifi tena, kati ya mwaka 1993 na 1995, ilipoonekana kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja katika vijiji vilivyopewa neti zenye dawa. Siku hizi mbu wengine wameizoea, ndiyo maana baadhi ya neti mpya huongezwa dawa ya pili. Neti ya zamani iliyotoboka ifumie kuku banda, lakini mtoto mwombee mpya.

Najua mnangoja niseme juu ya mwarobaini. Nitausema bila kuutukana, kwa sababu upo katika ua wa mama yangu pia, na kivuli chake hakina mfano. Mti huu ulitoka bara Hindi, ukapewa jina kwa sababu ya kusemwa kuwa unatibu maradhi arobaini, na wengine wa pwani huuita mkilifi. Wanasayansi hawakuupuuza. Walivitoa vitu vilivyomo ndani yake, kama Tu alivyofanya, wakavitia katika vyombo vya maabara pamoja na vimelea vya malaria, na baadhi yake viliviua kweli. Lakini walipovijaribu kwa panya wagonjwa, nguvu ile haikuonekana, au ilikuwa ndogo mno. Kitu chaweza kuua katika kichupa na kisifike kwenye damu. Hapo ndipo mwarobaini ulipofikia kwa upande wa malaria. Kwa wadudu wa shambani umefika mbali zaidi, dawa ya kunyunyizia mazao hutengenezwa kutokana na mbegu zake.

Na kuna jambo moja la mwarobaini ambalo sitalizungusha. Mafuta yake usimnyweshe mtoto, hata tone. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kwa ajili ya maradhi madogo madogo, wakatapika, wakapata degedege na kupoteza fahamu, na ini likaharibika. Waliowanywesha walikuwa watu wanaowapenda.

Vile vile siku hizi watu huuziana unga na majani ya mmea ule wa China, artemisia, ambao umelimwa hata hapa Kenya, Uganda na Tanzania kwa ajili ya viwanda vya dawa. Wanaambiwa wanywe kama chai. Mmea ni wenyewe, siwezi kusema si wenyewe. Lakini kikombe kimoja hakilingani na kingine, dawa iliyomo ni kidogo na hutoka mwilini upesi, na ile ya pili ya kupalilia haimo. Shirika la Afya Duniani halikubali utumiwe hivyo. Homa itashuka siku mbili, mama atafurahi, kisha itarudi. Tena vimelea vinavyoonja dawa kidogo kidogo bila kufa ndivyo vinavyojifunza. Tayari vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Ndugu zetu hao si mbali. Klorokwini ilitutoka hivyo hivyo tukiangalia.

Turudi kwa nyanya. Mtoto alidungwa, akapelekwa hospitali kubwa, akaongezwa damu. Siku kadhaa baadaye nyanya alipitia kwangu akielekea nyumbani, mtoto mgongoni akitafuna mkate, na karatasi ya vidonge vya AL mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo nyanya." Akaitikia, akaketi, akasema, "Haya, nieleze sasa. Ule siku ile hukunijibu."

Nikamweleza haya niliyowaeleza nyinyi, kwa ufupi. Alipenda ile ya jani lisilochemshwa. Alicheka sana, akasema Wachina nao wana wazee wenye akili. Kisha nikamwonyesha vidonge. Mtoto wake alikuwa na kilo tisa, kwa hivyo kidonge kimoja kila mara, mara sita kwa jumla. Cha kwanza, halafu cha pili baada ya saa nane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Akitapika kabla ya nusu saa kwisha, ampe kingine na aje achukue cha kufidia. Hata akianza kukimbizana na mbuzi siku ya pili, vidonge viishe.

"Na kimoja zaidi," nikasema. "Ile lumefantrini haiingii mwilini vizuri tumbo likiwa tupu. Yataka mafuta mafuta. Ampe na chakula, au maziwa."

Nyanya akainuka, akakaza leso. "Maziwa tunayo," akasema. "Ng'ombe wamezaa." Akakunja karatasi ya vidonge, akaitia ndani ya pindo la leso na kulifunga fundo.

Wiki ijayo nitajibu maswali mliyotuma kuhusu mtoto anayeharisha wakati wa mafuriko. Mungu awalinde, kwaherini.